Maswali ya wasomaji: Sahani ya jirani inarudi na nini?

Mesaji za safari hii zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, kula pamoja kati yetu Waislamu na majirani zetu Wakristo hapa Goma, nani achinje, nani ale kwa nani, mgeni akae mpaka lini. Nimechagua zile ambazo zitasaidia na wengine. Penye mambo ya dini nilimuuliza kwanza shehe wa mtaani kwetu, penye mambo ya jikoni najibu mwenyewe. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba, na Yaya mnayemuita ni mimi, mkubwa wenu.

SWALI: Yaya, salamu. Mimi niko Mkristo, nakaa Katindo. Jirani yangu Mwislamu kila Ramadhani jioni anatuma mtoto na sahani, mara sambusa, mara uji na tende, mara wali na nyama. Batoto bangu wanangojea ile saa kuliko hata wale wa kwake. Shida ni hii, naogopa kumrudishia chakula juu sufuria zangu zimepikaka nguruwe, na kurudisha sahani tupu nasikia haya. Nifanye nini? (Mama wa Katindo)

JIBU: Mama, kule kuogopa kumkosea jirani tayari ni adabu, wengi hata hawawazi. Sasa sikia. Swali lako liliulizwa zamani sana. Kuna sahaba anaitwa Abu Tha'laba, aliishi kati ya Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, akamwambia Mtume kwamba majirani zake wanapika nguruwe kwenye vyungu vyao na kunywa pombe kwenye vyombo vyao, je wale humo? Jibu likawa, mkipata vyombo vingine tumieni hivyo, msipopata vioshwe kwa maji kisha mle. Kwa hiyo kidini mlango haujafungwa kama unavyodhani.

Ila mi sitaki jirani yako ale huku roho iko juu juu. Mwambie wazi kabisa: "Mama, kwangu nguruwe inapikwa, na mi ningependa kukupikia siku moja, niazime sufuria yako." Hakuna mama Mwislamu atakayekunyima sufuria kwa maneno kama hayo, tena atakuletea mwenyewe na kijiko cha kukorogea juu yake. Na usipotaka habari ya kupika, rudisha kitu ambacho hakikupita jikoni: ndizi mbivu, parachichi, marakuja, kilo ya sukari, majani ya chai, hata makala ya kupikia, maana mwezi wa kufunga makala yanakwisha haraka ajabu. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi kutoka soko la Kituku ni zawadi nzuri mno kwa sababu samaki hawahitaji kuchinjwa, hakuna wa kuuliza maswali. (Na sambaza wenyewe ni wageni hapa, wakubwa wanajua, waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo nani anaweza kuwaza meza ya Goma bila wao.)

Angalia saa pia. Hapa kwetu jua linazama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, kwa hiyo kitu chako kifike saa 10 au 11, apate muda wa kukipanga, usimtumie pale anaponyoosha mkono kwenye tende.

Halafu usihesabu. Usiseme amenipa sahani ishirini lazima nirudishe ishirini. Kwenye Kurani, sura ya 76, wale wanaolisha watu wanasema: "Hakika sisi tunakulisheni kwa wajihi wa Mwenyezi Mungu. Hatutaki kwenu malipo wala shukrani." Jirani yako anaamini hivyo, kwa hiyo ukimlipa sahani kwa sahani unaweza hata kumuumiza. Mpe siku yako. Huko Senegal Wakristo wanapika ngalakh siku ya Ijumaa Kuu, ni kama uji mzito wa mtama mdogo na siagi ya karanga na ubuyu, wanaugawa nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu, na Idi ya kuchinja ikifika nyama inapita njia ileile kurudi. Hawajasubiri Ramadhani kujibu Ramadhani. Wewe Pasaka yako ipo, Noeli yako ipo.

SWALI: Yaya, niko kijana wa Birere, Mwislamu. Naoa binti Mkristo, wazazi wote wamekubali, tunamshukuru Mungu. Sasa wakwe wamenunua ng'ombe kwa ajili ya sherehe na wajomba zangu wanasema lazima Mwislamu achinje, upande wa pili wamekasirika, eti "mnatuona sisi ni wachafu?" Na kuna habari ya bia na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Naona ndoa itavunjika kabla haijaanza. (Bwana harusi mwenye wasiwasi)

JIBU: Mdogo wangu, hongera, na haitavunjika, hili jambo limeshapatiwa njia na wazee wa huku miaka mingi kabla yako. Uliza nyumba za Kikristo za hapa Goma, za Bukavu, za Uvira, wangapi wakiwa na sherehe kubwa wanamuita Mwislamu aje achinje ili kila mgeni ale bila kuuliza. Mtu anaitwa, anachinja, anapewa chake, anakwenda, na hakuna anayejisikia mchafu. Shida yenu haiko kwenye kisu, iko kwenye namna ilivyosemwa. Wajomba zako wamekuja na neno "lazima" kwenye ng'ombe ambaye hawakumnunua.

Kwa hiyo rudini mkaombe. Aende mmoja, mzee anayejua kuongea, asiende na kundi. Aeleze kuchinja kwetu ni nini, maana watu wengi hawajui wanadhani ni uchawi fulani: mnyama awe mzima, kisu kiwe kikali asiteseke, litajwe jina la Mungu, likatwe koo na mishipa yake, damu itoke yote. Basi. Hakuna kinachosemwa juu ya mwenye ng'ombe wala juu ya imani yake. Aseme: "Ng'ombe ni wenu, heshima ni yenu, tunaomba mtuitie mchinjaji mnayemwamini nyinyi." Wao wenyewe wamuite! Hapo ndo siri ilipo, mwenye nyumba anabaki mwenye nyumba. Baada ya hapo nyama igawanywe kwa desturi yao, kichwa kwa nani, kifua kwa nani, kila kabila huku lina sehemu zake na wajomba, msiguse hayo.

Masheh wana maneno mengi juu ya nyama iliyochinjwa na Mkristo, wapo wanaoikubali kwa aya ya tano ya sura ya Al-Maida, wapo wanaoweka masharti, sitaingia huko, harusi siyo fasi ya kumalizia mabishano ya vitabu. Mchinjaji akiwa Mwislamu wote mnalala salama.

Bia sasa. Hapa usilegeze na usigombane. Mwislamu ameusiwa asikae kwenye meza inayozungushwa pombe, wakwe zako nao hawawezi kuwaambia wazee wao wa kijijini wanywe Fanta. Gawa saa. Chakula cha mchana kiwe cha wote, soda na maji na maziwa, hotuba zote na zawadi zote hapo hapo, picha zote hapo hapo. Alasiri upande wako unaaga kwa heshima, wanaobaki wanaendelea na yao. Wengi wanatenganisha mahema, mi siipendi sana hiyo, watu wanakaa wanaangaliana kutoka mbali siku ambayo walipaswa kujuana.

Na naomba hili ulipeleke pande zote mbili. Kwa Wakristo: kuna watu wanaona ni mchezo kumlisha Mwislamu nyama isiyo halali kimyakimya halafu wanacheka, wanasema "si amekula na hajafa?" Hilo ni jambo baya sana, urafiki wa miaka unaisha siku hiyo na ni haki uishe, maana mtu alikuja kwako na tumbo lake akakuamini. Kwa Waislamu: tafadhali, usikae kwenye meza ya watu ukaanza kupindua nyama kwa kidole na kuuliza kwa sauti "hii nani kachinja" mbele ya mama aliyeamka saa tisa usiku kupika. Uliza kabla, kwa simu, kwa upole. Ukisahau kuuliza, kuna mboga, kuna samaki, kula hivyo na sifia. Watu walimuuliza Mtume juu ya nyama waliyokuwa wanaletewa na jamaa wapya katika Uislamu, hawajui kama walitaja jina la Mungu au hapana, akawaambia litajeni nyinyi na mle. Angalia upole huo, hakuwatuma wakachunguze nyumba za watu.

SWALI: Mkristo mwenzangu wa ofisini nilimualika, tukaweka sinia moja tukala kwa mkono, yeye akakaa anaangalia tu. Nilikosea? (Msomaji wa Himbi)

JIBU: Hapana, ila mpe kijiko. Adabu ya sinia ambayo Mtume alimfundisha mtoto Umar bin Abi Salama, ambaye mkono wake ulikuwa unatembea sahani nzima, ilikuwa mambo matatu tu: taja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Kijiko hakiharibu hata moja. Na mwenye nyumba asiwe wa kwanza kunyanyua mkono, mgeni mwenye haya ataacha njaa yake pale pale.

SWALI: Yaya wetu, mimi ni papa wa Ndosho, Mwislamu. Toka vita ya mwanzo wa 2025 tuko na familia ya Wakristo nyumbani, walitoka kambini kule Kanyaruchinya, hawana fasi ya kurudi. Mke wangu amechoka, ananiambia mgeni kwa dini yetu ni siku tatu. Na Ramadhani iliyopita watoto wao walikuwa wanakula mchana mbele ya watoto wetu, ikaleta maneno. Mimi sitaki kuwafukuza, lakini nyumba inakuwa moto. (Papa wa Ndosho)

JIBU: Papa, Mungu awalipe, wewe na mke wako, na nimeanza na mke wako makusudi kwa sababu wageni wa mwanaume mara nyingi wanabebwa na mgongo wa mwanamke, maji ya bidoni ni yeye, makala ni yeye, na sahani za jioni ni yeye.

Hadithi ya siku tatu ipo, na ni sahihi: siku moja na usiku wake mgeni anakirimiwa hasa, ukarimu ni siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka. Na mgeni mwenyewe ameambiwa asikae mpaka amtie mwenyeji kwenye taabu. Mke wako kwa hiyo hajasema uongo. Lakini hiyo hadithi inamzungumzia msafiri anayepita njia yake ana kwake pa kurudi. Hawa wako hawapiti njia. Mtu aliyekimbia risasi akaacha kambi imefungwa huwezi kumhesabia siku kama aliyekuja kutembea, ndo maana shehe aliniambia neno hilo "sadaka" ulisome vizuri, halisemi baada ya siku tatu mtoe nje, linasema kuanzia hapo jina linabadilika na thawabu inaendelea.

Na mimi naongeza la jikoni. Baada ya siku tatu mtu asiwe mgeni tena, awe mtu wa nyumbani. Kinachowachosha nyote ni kwamba bado wanaishi kama wageni, wanangojea kuletewa, nao wanaona haya, mke wako anaona ni uvivu. Mpe yule mama siku zake za jiko. Alhamisi na Jumapili anapika yeye, kwa sufuria zenu, na apike cha kwao, sombe yao, maharagi yao, lengalenga, mkae mle nyinyi. Utaona atakavyonyooka mgongo. Mwanaume wake apewe kazi inayoonekana, maji, paa, chochote. Wakipata franka kidogo wakinunua hata chumvi, pokeeni, msiseme "acha, kaka, kaa nayo", maana mkikataa chumvi yake mmemwambia hana kitu.

Kuhusu watoto na Ramadhani, tafuta fasi moja ya nyumba, nyuma au chumbani, watoto wao wale mchana hapo bila kujificha kama wezi. Na waambie watoto wenu wazi kwamba wenzao hawafungi na hawana kosa. Watoto wadogo wa kwenu nao hawajalazimishwa kufunga, msiwaache wakajifanya mashehe juu ya wenzao. Jioni ikifika wote sinia moja. Mtoto wa Kikristo aliyengojea adhana pamoja na wenzake akala tende, huyo Kwaresima ikija atawaeleza watoto wenu mama yake anafunga vipi, na watasikiliza.

Goma hii imeshawahi kulala kwa watu. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji, Mei 2021 ilipolipuka tena, watu walienda Gisenyi, Sake, Minova, Rutshuru, wakapokelewa na watu ambao hawakuwauliza wanasali wapi. Mke wako kama alikuwepo mwulize alilala wapi ile 2021. Usimwulize kwa ugomvi.

SWALI: Siku hizi naona kila mtu anasema futari ya pamoja ni diplomasia, wakubwa wanakaa meza moja wanapigwa picha, kesho yake matusi na bunduki. Mimi nasoma mambo ya siasa, naona hii ni kujidanganya. Sahani ya pilau imezuia vita gani? (Mwanafunzi)

JIBU: Mdogo wangu, umeuliza kwa hasira na una haki, kwa mji wetu huu una haki kabisa. Sitakwambia pilau inazuia vita, nisingeweza kuandika hivyo nikiwa Goma.

Futari za wakubwa kwanza. Zina historia yake na si zote ni uongo. Tarehe 9 Desemba 1805 Rais wa Marekani Thomas Jefferson alimualika balozi wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli, ugomvi wao ulikuwa meli za Tunis zilizokamatwa na Wamarekani waliokuwa wanazingira bandari ya Tripoli. Ilikuwa Ramadhani. Jefferson alikuwa na kawaida ya kula saa tisa na nusu alasiri, siku hiyo chakula kikasogezwa mpaka jua linapozama. Mwenye meza alibadilisha saa yake kwa ajili ya mgeni, hilo ndilo la kushika, siyo picha. Na Desemba 2023 UNESCO iliingiza iftari kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Azerbaijan, Irani, Uturuki na Uzbekistan. Nchi hizo hazikubaliani mambo mengi, hilo walikubaliana.

Lakini za mtaani ni kazi nyingine. Za mtaani hazimlengi jenerali, zinamlenga jirani siku ile uvumi unapofika. Wewe unajua hapa uvumi unatembea vipi, saa mbili usiku mtu anapiga simu, "wale watu wa avenyu fulani wanapanga kitu." Kama hujawahi kula kwa wale watu utaamini, huna namna ya kuhakiki. Kama unajua jiko lao, unajua mama yao anapendaje chumvi, unanyanyua simu unamuuliza, au unavuka barabara kabisa. Ni hilo tu. Kwa mtu anayelala na watoto ndani ya nyumba ya mbao, hilo ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Na kwetu huku kuna sababu ya zamani pia ambayo watu wanaikwepa, mi sitaikwepa. Uislamu wa Mashariki ya Kongo uliingia na misafara ya kutoka pwani, Ujiji, Nyangwe, Kasongo, katika karne ya 19, watu wa kina Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar. Misafara ile ilileta Kiswahili hiki tunachoandikia, ilileta mchele ambao leo Maniema wanaula kama wa kwao toka mwanzo wa dunia, na ilikuja na pembe za ndovu na watumwa. Halafu Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ikapigana nao 1892 mpaka 1894, na Wabelgiji wakakaa miaka wanamuona Mwislamu kama mtu wa kuchungwa. Kwa hiyo wapo wazee Wakristo wanaosema mpaka leo "Waislamu ni watu wa watumwa", na wapo wazee Waislamu wenye uchungu wa kunyimwa shule. Hayo huyamalizi kwenye semina ya siku moja, yanapungua nyumba na nyumba, na mara nyingi yanaanzia mezani, kwa sababu mtu akishashiba kwako ndo anapata ujasiri wa kukuuliza yale aliyosikia juu yako, na wewe unapata ujasiri wa kujibu kweli bila kukasirika. Nimeona wazee wakiyazungumza hayo ya Kasongo juu ya sahani ya wali, na sijawahi kuona wakiyazungumza popote pengine.

SWALI: Yaya, baba yangu ni mtu mkarimu sana, Idi anaalika avenyu nzima, Mkristo, Mkimbanguisti, kila mtu. Lakini wao wakitualika Noeli au ubatizo, hakubali kula, anatuma salamu tu na hataki sisi twende. Majirani wameanza kusema "wanatulisha lakini wanatudharau." Nitamwambiaje baba? (Binti wa Majengo)

JIBU: Binti yangu, hili ndilo swali nililokaa nalo muda mrefu kuliko yote, kwa sababu baba yako wako wengi, na ni watu wazuri.

Kutoa ni rahisi kuliko kupokea. Anayetoa yuko kwake, jiko lake, masharti yake, sifa zake. Anayepokea anajiweka mikononi mwa mwingine. Ukitoa tu miaka yote bila kupokea umewafanya majirani kuwa wadeni wako, na mdeni hampendi anayemdai hata kama anamchekea. Aya ileile ya Al-Maida ambayo baba yako bila shaka anaijua kwa moyo ina pande mbili: "Na chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwenu, na chakula chenu ni halali kwao." Sisi tumeshika sana ule upande wa pili.

Na Mtume alikuwa anaitika. Sahaba wake Anas amesimulia kwamba Myahudi mmoja alimualika kwa mkate wa shayiri na mafuta yaliyoanza kunuka, akaenda. Mwenyewe alisema angealikwa kwa kwato tu angeitika. Sahaba mwingine, Abdullah bin Amr, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza na kuuliza, "mmempelekea jirani yetu Myahudi?" Hao ndo watu ambao baba yako anawafuata.

Sasa baba ana hofu yake na usiidharau. Noeli na ubatizo ni ibada za Wakristo, wapo masheh wanaokataza kushiriki hata salamu zake, wapo wanaoona salamu na chakula ni ujirani tu. Usimlazimishe achague kati ya dini yake na majirani zake. Mwondolee siku hiyo. Nenda kwa mama jirani mwambie kwa siri: "Baba anaona uzito tarehe 25, ukitualika tarehe 27 kwa samaki na bugali tutakuja wote." Tarehe 27 siyo ibada ya mtu. Samaki haina mchinjaji. Baba atabaki na sababu gani?

Na usimwambie wewe mtoto mbele ya watu. Tafuta rafiki yake wa msikitini, mtu wa rika lake, amwambie wanapotoka sala ya alasiri. Maneno "wanatulisha lakini wanatudharau" yafike masikioni mwake kama yalivyo, msiyapunguze makali, kwa mtu mkarimu kama yeye yatamuuma kuliko hotuba yoyote ya kwangu. Siku hiyo mkienda ale kweli, asionje onje. Na mama jirani akisema chukua na hii kwa watoto, achukue.

SWALI: Mimi ni mjane, nauza mandazi mtaa wa Virunga. Nimekula kwa majirani Ramadhani yote iliyopita, Waislamu na Wakristo, nami nataka kualika siku moja lakini toka vita ya mwanzo wa 2025 benki zilifungwa, pesa imepotea mjini, sina hata ya kununua nyama kilo moja. Nasikia haya. (Mama wa mandazi)

JIBU: Mama, acha nyama. Sahaba Abu Dharr aliambiwa na Mtume akipika mchuzi aongeze maji kisha awaangalie majirani zake, hakuambiwa aongeze nyama. Na kuna hadithi nyingine, chakula cha wawili kinatosha watatu, cha watatu kinatosha wanne. Huko Al-Khalil, Palestina, karibu na kaburi la Nabii Ibrahimu, kuna jiko la kulisha watu kwa jina lake mpaka leo, na msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alipopita hapo mwaka 1047 alikuta kila mgeni anapewa mkate, dengu za kupikwa na mafuta ya zeituni, na zabibu kavu. Dengu na mkate, nyumba ya Ibrahimu, yule aliyechinja ndama mnono kwa wageni asiowajua.

Wewe una mandazi ambayo mtaa mzima unayajua. Pika chai ya tangawizi termosi mbili, maharagi sufuria moja, mandazi ya asubuhi hiyo, waite saa 10 alasiri siku isiyo ya kufunga ili kila mmoja aweze kula. Alika nyumba tatu nne tu, usialike kumi ukapata shida. Vikombe visipotosha mwambie kila mama aje na chake, hakuna atakayeona vibaya, mwaka huu sote tunaazimana. Na atakayekuja na nusu kilo ya sukari mkononi usimrudishie, itie kwenye chai hiyohiyo mbele yake.